Pesa ya Shamba Niliyoifungia Miaka Mitano

Mume wangu alipokufa aliniachia kashamba nje ya mji. Juzi juzi nimekauza. Pesa ikaja yote siku moja, na mimi pesa ya kukaa kwangu zaidi ya wiki nilikuwa siijui. Nilitaka kitu kimoja tu: initoshe mpaka siku ya kaburi, nisihamie Kagarama kwa mtoto wangu. Kule iko nyumba nzuri, lakini ni ya mke wake. Mimi nataka kubebwa kutoka hapa Biryogo, mlangoni kwangu mwenyewe.

Basi kila mtu akawa na akili juu ya pesa yangu. Jirani, fundi cherehani, anaongea na pini mdomoni: "Mmm, bibi, nunua vitenge. Kitenge hakiozi." Hakiozi, sawa, na panya je? Mke wa mtoto wangu alikulia Uganda, anaongea kama mtu wa redio: "Maama, eeh, usiangalie leo. Angalia miaka ishirini mbele!" Miaka ishirini! Goti langu hata wiki ijayo haliitaki.

Akanipeleka benki. Msichana wa pale iko na sauti ya kifaranga, ananiita mukecuru, yaani bibi kizee: "Kalibu, mukecuru. Tufunge pesa miaka mingapi?"

Nikababaika. Hilo ni swali la kumuuliza mzee asubuhi? Mama yangu alikufa mdogo kuliko mimi sasa. Bibi yangu aliishi mpaka akatusahau majina. Mimi nitafuata nani? Nikasema tano, basi tu, kama swala tano.

"Na faida tuweke wapi?"

"Faida sitaki. Hiyo ni riba."

"Haiwezekani, mama. Komputa inaongeza yenyewe."

Nikaweka kidole, nikatoka.

Ujinga wangu uko hapa: nilifunga yote. Kwenye kimina chetu cha wanawake, sanduku la akiba iko na kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu. Lakini mtu akipata shida, tunaitana, tunafungua. Nilifikiri benki ni vile vile, sanduku kubwa tu.

Mwezi haujaisha, makaa yameisha. Nikarudi: "Nipe kidogo ya makaa."

"Ayi, mukecuru! Imefungwa mpaka miaka mitano."

"Ufunguo mwingine anao nani? Tumwite." Alicheka mpaka akashika meza.

Nikampigia mtoto wangu. Sauti nzito ya marehemu baba yake: "Mama, funga nyumba, kuja Kagarama." Nikakaa kwenye kitanda, nimechanganyikiwa kabisa. Sijawahi kuwa na pesa nyingi hivi, na nimekopa chumvi.

Siku ya kimina nikawaambia wenzangu. Mmoja wa wenye funguo, yeye hata salamu anapiga kelele: "Weee bibi, nani alikuambia haivunjwi? Inavunjwa! Wanakukata faida tu!"

"Faida gani?"

"Si hiyo riba yako!"

Nikaondoka mbio na goti hili hili.

Kifaranga wa benki akaweka uso wa msiba: "Mukecuru, ukivunja leo unapoteza faida yote. Yote!"

"Chukua, mwanangu. Gawana na komputa."

Hakuelewa. Na mimi sikuelewa kwa nini ananihurumia.

Nusu nimeacha pale, haijafungwa. Nusu nimejengea chumba cha kupangisha ubavuni kwa nyumba, nimepata mpangaji muuza chapati. Nimefanya vizuri? Sijui. Fundi cherehani anasema bati linaoza, kitenge hapana. Mke wa mtoto wangu anapiga simu: "Maama, hicho chumba kitakulisha mpaka lini?" Nikifikiria sana kichwa kinazunguka. Namwambia ngoja kwanza, mpangaji yuko mlangoni na kodi, halafu nakata simu.