Tarehe Nne

Juzi mjukuu wangu aliniletea kazi ya shule, akaniuliza maana ya neno la Kizungu, forthwith. Nilikuwa nachambua maharagwe, nikaendelea kuchambua. Neno hilo nalijua, rafiki yangu, na sikulijua shuleni.

Tuliishi Kericho kwenye shamba la chai, sisi watu wa upande wa ziwa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na nyasi. Mvua ilinyesha kila alasiri, na moshi wa kuni mbichi haukutuishia machoni. Kisha baba akaumia mkono, akashindwa kuchuma. Asubuhi moja nyapara akamletea barua ya meneja.

Kwetu, Kizungu nilikijua mimi peke yangu, tena kidogo. Mwalimu wa misheni alikuwa ametufundisha kuhesabu: first, second, third, fourth. Barua ilisema tutoke nyumbani forthwith. Niliona ni fourth iliyokosa herufi moja, nikacheka, nikasema karani wao hajui kuandika.

"Ni tarehe nne, baba."

Baba alihesabu kwa vidole vya mkono mzima. "Siku tisa. Basi tuko na wakati."

Nyanya alikuwa na kifua kibaya wiki hiyo. Alisema kama alivyosema kila siku, haraka haraka haina baraka, akainjika chungu cha mahindi na maharagwe. Nilijivuna asubuhi ile, nisikufiche.

Mahindi yalikuwa bado magumu nyapara aliporudi na watu wanne. "Bado mko hapa? Si mlisoma barua?"

Waling'oa nyasi za paa, wakamwaga chungu ili wazime moto. Mvua ilikuja saa yake ya kawaida, ikamkuta nyanya ameketi ndani ya nyumba isiyo na paa.

Tulitembea siku mbili hadi stesheni ya Fort Ternan. Nyanya alikufa pale tukingoja treni. Sikulia. Nilitazama reli, nikazitazama tena. Hakuna aliyenilaumu, na sikuomba msamaha. Tarehe nne ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Nilipita kule mwaka jana. Pale palipokuwa na nyumba zetu ni chai tupu, imekatwa sawasawa. Hakuna hata jiwe la meko.

Mjukuu alikuwa bado amenyoosha kalamu. Nikamwambia maana yake ni kabla mahindi hayajaiva. Alinitazama kidogo, akaandika: mara moja.