Mila Niliyoitunga Maonyeshoni

Kwenye maonyesho yale nilipewa kibanda cha makuti, kigoda, shanga za kuazima na kibao kilichosema kwamba nasuka kiondo kama walivyosuka bibi zetu. Upande mmoja mzee alifua visu kwa mivukuto ya ngozi. Upande wa pili mama mmoja alifinyanga vyungu. Mimi nilizaliwa mjini, Makongeni, kwenye nyumba za reli, na shanga za namna ile sikuwahi kuzivaa.

Lakini kusuka najua. Mama alinifundisha mlangoni petu, tukisokota nyuzi za katani juu ya paja hadi ngozi inawasha. Nisichokijua kilikuwa kimoja tu: kuanza. Kiondo huanzia katikati ya kitako, na mwanzo mama hakuniachia hata siku moja. "Kikianza kombo hakinyooki," alisema, "na wewe una haraka kama mtu anayekimbiza gari moshi." Alinikabidhi kitako kikiwa kimefika ukubwa wa kisosi, nami nikaendeleza. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alipomfuata niliacha shule, nikawalea wadogo zangu kwa kuosha matumbo katika bucha moja la Soko la Burma na kusuka jioni. Vitako nilinunua kwa bibi mmoja wa Majengo. Hata yeye nilimwambia namnunulia fundi fulani.

Siku ya kwanza ya maonyesho wanafunzi walikuja na sare zao, na kitinda mimba wetu akiwa mbele, anawavuta wenzake mikono.

"Huyu ndiye siz, dada yangu," akawaambia. "Ngojeni muone. Anaanza na nyuzi tupu."

"Niaje, siz," mmoja akanisalimia. "Tuanzishie basi. Huyu ametuchosha na habari zako."

"Lakini hiki kitako umekuja nacho," mwingine akadakia. "Ni kama kuleta chapati zimeiva, halafu useme unatufunza kupika."

Wakacheka. Mdogo wangu alicheka kuliko wote, maana alikuwa na hakika nitawajibu kwa mikono. Akachukua nyuzi tupu, akaniwekea pajani.

Nikazikunja, nikazikunjua. Mshereheshaji wa maonyesho alikuwa amesogea na kipaza sauti chake. Ndipo nikajisikia nikisema: "Kitako hakianzishwi mbele ya wageni. Ni mila. Huanzishwa nyumbani, mbele ya ukoo peke yake."

Hakuna mila kama hiyo. Mama alianzisha vitako mlangoni, mbele ya muuza mboga za sukuma, mbele ya watoto wa jirani, akipiga soga na yeyote aliyepita.

Mshereheshaji akaitangaza kwa uwanja mzima. Watu wakainua simu kunirekodi, nyuso zimejaa heshima. Yule msichana wa chapati akainama kidogo. "Pole, siz. Sikujua." Kicheko chake kilikuwa kimeniuma kidogo. Pole yake iliniingia hadi mfupani.

Jioni hiyo mdogo wangu hakungoja hata chai. Alinawa mikono, akatandika mkeka, akaketi.

"Haya. Mimi si mgeni."

"Unataka nini?"

"Nianzishie nione. Mama alienda kabla sijajua kushika hata uzi. Na mimi ni ukoo, ama?"

Ningeweza kusema nimechoka; nilikuwa nimechoka kweli. "Sijui," nikamwambia.

"Hujui nini?"

"Kuanza. Vitako nanunua Majengo."

Alinitazama. "Na ile mila?"

"Niliitunga pale pale."

"Watu wamerekodi, siz. Nimewaambia wenzangu kwamba mama ndiye aliyekuachia mila hiyo."

Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

Nikavuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kitako cha mwisho alichoanzisha mama, nyuzi zake zimegeuka rangi ya chai. Miaka yote nilijiambia nakiweka kwa ukumbusho. Kumbe kila nilipokiangalia nilijua kwamba jibu limo mle katikati, na nilikosa moyo wa kukifumua, kama nilivyokosa moyo wa kumuuliza yule bibi.

"Fumua wewe," nikasema. "Polepole, nione."

Alifumua mzunguko mmoja baada ya mwingine, akinikabidhi uzi nami nikiukunja. Katikati tukakuta nyuzi chache zimepishana kama msalaba, na uzi mmoja umezizunguka na kuzikaza. Basi. Kitu cha kujifunza kwa asubuhi moja. Tulijaribu kukirudisha, lakini kila mara kilipinda upande, na nyuzi za mama, kwa uzee wake, zikaanza kukatika. Tukazirudisha kwenye mkebe zikiwa nyuzi tu.

Siku ya pili mshereheshaji alifika kibandani akaanza kuitangaza upya ile mila. Nikainua mkono. "Si kweli," nikasema. "Hakuna mila. Nilikuwa sijui kuanza."

Akacheka kwenye kipaza sauti. "Mnaona wanavyolinda siri zao!" Watu wakapiga makofi.

Nikarudia. Hakuna aliyesikia, ila mdogo wangu, ambaye safari hii alikuja peke yake. Aliketi chini kando ya kigoda changu, akaniwekea nyuzi mpya pajani. Nikazipishanisha mbele ya watu wote, nikazungusha uzi, nikakaza. Kitako kilitoka kombo, hata mtoto angeona.

"Fumua," mdogo wangu akaninong'oneza.

Nikafumua. Watu walikuwa wameshaanza kuondoka, wanaelekea kwa mfinyanzi.

"Tena," akasema.