Paa la Gari la Mzee Kitundu

Nakumbuka wiki ile nilipokosa usingizi kwa sababu ya gari. Usicheke, mdogo wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Kiomboi bila kazi, na nilishuku kila kitu.

Jirani yetu, Mzee Kitundu, alijitolea kumbeba dada yangu siku ya harusi kwa gari lake la zamani la wazi. Nilikwenda kulitazama. Milango haikuwa na vioo. Kwenye simu nilikuwa nimeona magari ya wazi ya enzi hizo, yote yana vioo vya kupandisha. Nikajiambia: hili ni gari la kawaida lililokatwa paa kwa msumeno. Gari la namna hiyo bodi yake hulegea, likiingia shimoni mlango unaweza kufunguka. Na dada je? Halafu mbona mzee alitabasamu nilipolizunguka?

Nikaiambia kamati ya harusi kwamba limekatwa. Baba akakubali tulikatae.

Siku ya tano mzee, aliyekwisha kusikia maneno yangu, akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umenisalimia mimi. Siku ile ulisalimia gari."

Akatoa chini ya kiti mapazia ya turubai yenye nailoni ya kuonea, akayafunga juu ya milango.

"Ya kwenye simu yana vioo na paa nene lenye bitana. Mengine ni ya watu wawili tu. Hili ni la familia: viti vya nyuma vipo, paa linakunjwa, mvua ikija tunafunga haya. Lilitoka kiwandani hivi. Pitisha kidole ukingoni. Lililokatwa lina kovu."

Nilipitisha. Ukingo ulikuwa laini. Nikapiga jeki upande mmoja nione kama bodi italegea; milango ikafunguka na kufungwa vizuri. Bado nikakwaruza rangi kwa kucha, nikitafuta alama ya kuchomelea.

"Umemaliza?"

"Bado, mzee."

"Endelea, nina siku nzima. Ila siku zote hizo ulizonisema, ulishindwa nini kuja kuniuliza?"

Niliondoa kucha kwenye rangi.

Mdogo wangu, kushuku kwangu hakukuwa kosa. Dada ndiye angepanda gari lile. Nilikosea kuwapelekea watu shaka langu kabla ya kumpelekea mwenye gari. Wewe uliza, gusa, ndipo useme. Na Mungu akujalie usione aibu kurudi kwa uliowapotosha.

Mimi nilirudi jioni ile ile, Mzee Kitundu akiwa ameketi pale kikaoni, nikaiambia kamati: "Nilisema limekatwa. Sikujua. Nilikisia." Baba akasimama, akamwomba radhi mzee, kisha akaliomba gari upya.