Alivyosimama Simiyu Golini

Mwaka wa elfu mbili na nane, nikiwa na miaka thelathini na nne, kampuni iliyonileta Dubai ilisimamisha ujenzi na kutuambia khalas, kazi imekwisha, kila mtu ajitafutie. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Usicheke, mwanangu, ukasema thelathini na nne si ujana. Mtu asiye na ufundi mkononi ni mtoto hata akiwa na ndevu. Mimi ndevu nilikuwa nazo, shule niliiachia darasa la tano kule Machakos, na kamera nilikuwa sijawahi kuishika.

Naandika haya kwa ajili yenu nyinyi mnaokuja dukani kwangu hapa Dubai, Al Baraha, na picha za giza, mkisema, "Mzee, tusafishie." Wengine siku hizi hamniulizi hata mimi. Mnaiambia simu, nayo inawachorea uso mpya kabla chai haijapoa. Basi keti kidogo. Iko siku moja ambayo mpaka leo sijaimaliza kichwani.

Aliyeniokota alikuwa Bwana Nassor, mzee wa ukoo wa Kizanzibari uliohamia huku zamani, mwenye studio ya picha ndogo kama jiko. Kiunguja chake hakikuwa kimechujuka hata kidogo. Alinichukua nifagie. Nikafagia. Nilipomaliza kufagia nilisimama nyuma yake nikamtazama akifanya kazi, naye hakunifukuza. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi niliundwa pale, nikiwa nimesimama na ufagio.

Nilipopata uwezo kidogo nilinunua kamera ya mkono wa pili kutoka kwa mhandisi aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ile ya kuvuta mbali, ambayo lenzi yake hutoka nje kama shingo ya kobe. Mwanangu, nilijiona mfalme. Siku za Ijumaa, ambayo wakati huo ndiyo ilikuwa mapumziko ya wengi wetu, nilikuwa nawapiga picha Wakenya na Waganda wazitume nyumbani. Nilikuwa naketi mahali pamoja, navuta mtu aliye ng'ambo ya uwanja mpaka nione vifungo vya shati lake, nami nikiona hivyo nafikiri nimemkaribia.

Ijumaa moja kulikuwa na mechi kwenye uwanja wa mchanga huko Al Warqa, nyuma ya majumba makubwa wanakofanya kazi akina dada zetu. Walinzi wa Kenya walikuwa wanacheza na walinzi wa Uganda. Golini mwetu alisimama Simiyu, kijana wa Bungoma, mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Tulikuwa tunakaa naye chumba kimoja Discovery Gardens, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa upande wa pili, penye kivuli.

Akaniita kutoka kule golini. "Mutua, toka hapo kivulini uje unipige vizuri. Mama hajaniona tangu niote ndevu."

"Wewe shika mpira," nikamjibu. "Hii mashine inafika mpaka mwezini."

Mshambuliaji mmoja wa Uganda akasema nimpige upesi kabla hajamfunga, maana baadaye atakuwa na uso wa kilio. Watu wakacheka, na Simiyu akacheka. Mimi nikavuta lenzi mpaka mwisho wake, nikabonyeza mara kadhaa, nikarudi kwenye soda yangu.

Sasa nikueleze kosa lilipo, kwa sababu bado mnalifanya. Lenzi ya namna ile ikivutwa mpaka mwisho, mdomo wake unakuwa mwembamba na mwanga unaoingia ni kidogo. Mashine ikikosa mwanga inakawia kufunga jicho, na ikikawia, kila mtetemo wa mkono wako unaingia kwenye picha. Ongeza hapo joto la mchanga, ambalo hufanya hewa icheze kama maji ya sufuria. Kwa hiyo nilipata picha za mtu mrefu, mweusi kama kivuli, mwenye uso kama majivu yaliyopulizwa. Nilizitazama nikasema si kitu, Ijumaa zipo nyingi.

Hazikuwa nyingi. Baada ya wiki chache Simiyu alilala akitoka zamu na hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Mwanamume mwenye mabega kama yale, moyo.

Binamu yake, Wafula, dereva, ndiye aliyeshughulikia kumrudisha. Alikuja studio akiwa bado na sare ya kazi, hakuketi. Alisema mama yake Simiyu ana ombi moja tu. Jeneza litafika limefungwa kwa bati na wameambiwa wasilifungue. Picha waliyo nayo nyumbani ni ya pasipoti, ya mvulana aliyeondoka bila unywele kidevuni. Mama anataka kuona mwanawe alivyokuwa mtu mzima kabla hajamfukia. Wafula akaniuliza kama ninayo. Nikasema ninayo. Ningesema nini?

Nikaketi kwenye kompyuta. Nilipoongeza mwanga, chenga, vile vidoto vya picha ya giza, zilijaa usoni kama mchele uliomwagika. Nilipojaribu kuunoa uso, ukawa kama umechongwa kwa panga. Nikasema potelea mbali, nitafanya kama tunavyofanya. Wakati ule studio nyingi zilikuwa zinamvalisha mteja suti ambayo hajawahi kuigusa, zinampunguza weusi, zinamwekea maua nyuma. Nami nikamvalisha Simiyu suti. Macho yake hayakuwapo, kwa hiyo nikachukua macho ya mtu mwingine aliyefanana naye, nikayapachika na kuyalainisha. Nikaikuza picha ikawa kubwa kama dirisha. Ilipendeza, sikudanganyi. Wafula alipoiona alifuta uso kwa mkono, akasema, "Umemtoa, kaka. Umemtoa kabisa."

Bwana Nassor alikuwa ametoka msikitini. Alisimama mbele ya picha ile akiwa amefunga mikono nyuma.

"Macho haya ya nani?"

Nikamwambia ni ya Mganda mmoja, mhudumu wa hoteli, aliyekuja kupiga picha ya visa.

"Yu hai?"

"Yuko hai, mzee."

"Basi wampelekea mama wa watu macho ya mtu aliye hai ayalilie. Na mwanawe atamlilia wapi?"

Nilikuwa na kiburi, mwanangu, na bado ninacho, kiburi ndicho kilichonijengea nyumba. Nikamjibu kwamba sisi huvalisha watu suti kila siku na hajawahi kukataa. Hakupandisha sauti. Akaniambia, "Aliye hai akitaka suti, ule uongo ni wake, aujua na autaka. Huyu nani kamuuliza? Fimbo ya mbali haiui nyoka. Uliona uvivu kutembea, sasa wataka kompyuta ikuendee safari ambayo miguu yako iliikataa."

Wafula alikasirika kuliko mimi. Alisema wao hawakuja kufundishwa dini, wamekuja kutafuta picha, na ndege haingoji. Bwana Nassor akamwambia aketi, akamtilia kahawa, kisha akanisukuma kwenye kiti na kusimama nyuma yangu. Akanifanya nirudi kwenye picha za mwanzo, zile mbaya. Tuliacha zote ambazo Simiyu alikuwa anaruka, kwa sababu mtu akiruka na mkono wa mpiga picha ukitetemeka, huo ni ukungu juu ya ukungu. Tukabaki na moja ambayo mpira ulikuwa upande wa pili na Simiyu alikuwa anangoja. Nikaongeza mwanga kidogo kidogo, naye akanishika bega nisimame kabla chenga hazijachemka. Tukaondoa rangi, ikawa nyeusi na nyeupe, maana chenga za rangi ndizo zinazoudhi jicho. Nikataka kukata ubaki uso peke yake. Akasema usikate, muache mzima. Mwisho akaniambia niichape ndogo, ya kutosha kiganja. Picha yenye ukungu ukiikuza unakuza ukungu. Ukiipunguza, ukungu nao unapungua.

Ilipotoka, uso bado haukuwa na macho ya kuyasoma. Lakini alikuwa yeye.

Wafula aliishika kwa vidole viwili. "Hii ni ya kubandika kwa leseni," akasema. "Kwetu picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, mtu akiwa barabarani anaiona. Mnataka waseme Simiyu alikuwa maskini hata wa uso?"

Hakuwa amekosea kuhusu desturi. Mimi mwenyewe sikujua lipi ni sawa. Picha kubwa ilikuwa mezani, ndogo ilikuwa mkononi mwake, na mama mmoja huko Bungoma alikuwa anangoja uso. Nikamwambia ampigie simu. Akampigia, akaongea naye kilugha, kisha akanisukumia simu kama mtu anayekabidhi mzigo wa moto.

Nilimwambia mama yule ukweli wote. Kwamba kuna picha kubwa nzuri lakini macho si ya mwanawe, na kuna ndogo ambayo ni yake lakini uso hauonekani vizuri. Nikamwambia kwamba aliniita nisogee na sikusogea.

 Mama akauliza, "Kwenye hiyo ndogo, amesimama aje?"

Nikaishika picha karibu na dirisha. "Ameshika mlingoti wa goli kwa mkono wa kushoto, mama. Mguu mmoja ameuvukisha mbele ya mwingine. Kidevu amekiinua, kama mtu anayengoja kuitwa."

"Hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akisimama mlangoni pa zizi," akasema. "Mwambie Wafula aniletee hiyo. Hiyo nyingine isifike hapa."

Ile kubwa niliirarua mwenyewe, na kwenye kompyuta nikaifuta.

Wafula alisafiri na jeneza, na aliporudi ndiye aliyetusimulia. Picha haikubebwa mbele. Mama alikataa. Aliketi kando ya jeneza lililofungwa, picha ikiwa kiganjani, na watu wakapanga mstari. Kwa kuwa ilikuwa ndogo, kila mtu alilazimika kufika, kuinama na kuutia uso wake karibu na mkono wa mama. Wakapita mmoja mmoja, kama wanavyopita kuutazama mwili. Wazee waliomjua baba yake walikuwa wakifika pale wakisema ndiye, ndiye huyu. Wafula hakuniomba radhi, nami sikumdai. Aliketi akanywa kahawa ya Bwana Nassor mpaka ikaisha, akaenda kazini.

Sasa nasaha, na sitazipaka sukari.

Ukiwa na kamera ya kuvuta mbali, usiivute mpaka mwisho kwa kuwa tu inaweza. Vuta nusu, na nusu iliyobaki itembee miguu yako. Ukitoka kwenye chumba cha baridi kwenda nje, ngoja kioo kitoe jasho lake, kisha kifute kwa kitambaa safi, si kwa shati. Viwiko vibane mbavuni, egemea ukuta au nguzo, kama una stendi iweke. Giza likianza kuingia, iambie mashine ipige upesi hata ikileta chenga. Chenga zinavumilika, mtikisiko hauna dawa. Hizo ni nasaha za mkono.

Nasaha ya moyo ni hii. Kilichoingia kwenye picha kinaweza kuinuliwa, kikafutwa vumbi, kikaonekana. Ambacho hakikuingia, ukikiweka wewe, umeanza kutunga mtu. Simu zenu hutunga kwa sekunde moja, na zinatunga vizuri kuliko nilivyotunga mimi. Uzuri wake ndio unaonitisha. Mwenye sura akiwa hai, muulize. Akiwa hayupo, umwachie giza lake kuliko kumpa macho ya jirani. Na mtu akikuita, "Njoo uniangalie vizuri," awe rafiki, awe mzazi kwenye simu, awe yule mnayelala chumba kimoja, ondoka ulipoketi uende. Huku ugenini tunajidanganya kwamba tukiwaona watu wetu kwenye kioo cha simu tumefika kwao. Asiyefika hajafika.

Ukiuliza kama maneno ya Bwana Nassor yalinilisha, Mungu amrehemu, angalia mwenyewe. Leo nina duka la mlango mmoja Al Baraha, na leseni yake. Nina mashine mbili za kuchapia na kamera tatu, moja ikiwa ile ya zamani ambayo lenzi haiingii tena. Machakos nina nyumba ya mawe, kisima, ng'ombe wanne, na binti aliyemaliza shule ambayo mimi niliikimbia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe jicho tulivu na mkono usiotetemeka. Akupe watu wa kukuita kwa jina lako, na uwafikie mwanga ukiwa bado upo.