Yaki Watatu Nyuma ya Uwanja wa Ndege

Mume wangu hakuniuliza. Asubuhi moja alirudi kutoka kazini, akavua viatu vyake vya ghalani mlangoni, akaniambia tumekodi shamba.

"Shamba wapi, baba?" nikamuuliza.

"Hapa hapa Hayes, ng'ambo ya mfereji, nyuma ya uwanja wa ndege."

Nilidhani ni vile vishamba vya halmashauri ambavyo huku Uingereza watu hukodi wapande viazi na maharagwe. Nikaanza kuwaza mboga za kwetu, managu na kunde. Jumapili baada ya ibada akatupeleka, mimi na binti yetu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza aanze shule. Tukakuta ekari nne za matope, zizi la mabati, na Mwingereza mzee, mjane, anayetembea kwa fimbo mbili. Nyuma yake walisimama ng'ombe watano wekundu wenye pembe ndefu zilizopinda hadi mashavuni. Mume wangu alinieleza kuwa ni mbegu ya zamani ya nchi hii, waliobaki si wengi. Upande wa pili wa ua walikuwepo wanyama watatu weusi, dume mmoja na majike wawili, ambao sikuwahi kuona mfano wao. Manyoya yalining'inia mpaka magotini, mikia ilikuwa kama ya farasi, na hawakulia kama ng'ombe. Walikoroma kama nguruwe.

"Hao ni yaki," mume wangu akasema, kana kwamba ananitambulisha kwa shemeji zake. "Ng'ombe wa milima ya Tibeti. Walikuwa katika bustani ya wanyama iliyofungwa, mzee akawaokoa. Sasa hawezi tena kuwahudumia."

Kwa hiyo mapatano yakawa kwamba sisi tutalipa kodi ya ardhi na chakula cha mifugo, na mifugo itakuwa yetu. Wakati huo nilikuwa nikiosha wazee katika nyumba ya kulelea, yeye akibeba mizigo ghalani karibu na uwanja wa ndege, na tulikuwa tukiishi katika vyumba viwili juu ya duka la mazulia.

Sikumbishia kwa sababu nilijua alikotoka. Ng'ombe wa baba yake, kule Bonde la Ufa, walichukuliwa wote katika ghasia za mwanzoni mwa miaka ya tisini, na zizi likachomwa. Yeye alikuwa huku akisoma, akaipata habari kwa simu. Hakumaliza masomo. Basi nikasema moyoni, mwache ashike mkia wa ng'ombe, huenda atapona. Mwenyewe aliniambia tunajifunza tu: tukirudi nyumbani tutakuwa wafugaji wa kisasa. Neno hilo, tukirudi, lilinifanya nivumilie mengi.

Miaka ikapita, hatukurudi. Akitoka zamu ya usiku alipitia shambani kwanza. Nyumbani alifika akinuka zizi, akala, akalala. Binti yetu alikua akimjua baba yake kwa kisogo. Nilipomwambia twende tukamsaidie baba, alinijibu kwa Kiingereza kwamba watoto shuleni wanamwita msichana wa mavi. Ule mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo, nchi nzima ng'ombe wakiuawa na kuchomwa juu ya marundo ya kuni ili usienee, mume wangu aliweka beseni la dawa ya kusafisha viatu langoni na akanikataza mimi, mkewe, kuingia. Mifugo ikasalimika. Wiki ugonjwa ulipotangazwa kwisha, alicheka kama bwana harusi.

Kisha likaja lile joto la mwaka elfu mbili na tatu. Sisi tuliolelewa kwenye jua tulikosa pumzi, sembuse mnyama wa theluji. Yaki walilala chini ndimi nje. Mmoja alikuwa na mimba, karibu kuzaa. Mume wangu alichukua likizo yake yote, akafunga turubai juu yao, akawa anawamwagia maji kwa mpira kutwa nzima.

Ni wakati huo ndugu yake alipopiga simu. Mama yao amefariki.

Alikaa kwenye ngazi, simu mapajani. Nikakaa karibu naye, nikamshika bega. Baadaye nikasema, "Nitampigia wakala wa tiketi. Karatasi zako ni safi, unaweza kuondoka kesho."

"Nenda wewe, mama."

Sikumwelewa. "Niende wapi?"

"Ukamzike. Yaki atazaa wakati wowote. Nikiondoka, watakufa wote watatu."

Nililia, nikapiga kelele, nikamwita mchungaji wetu aje azungumze naye. Mchungaji akaja, akamkuta yuko shambani, akamfuata hadi huko na viatu vyake vya ibada. Alirudi peke yake akitikisa kichwa.

Nikaenda. Nilisimama kando ya kaburi la mama mkwe wangu mahali ambapo kifungua mimba wake alipaswa kusimama. Ilipofika zamu ya mwana mkubwa kutupia udongo, watu wakatazamana. Shemeji yangu, yule aliyepiga simu, akanisukuma polepole mbele. Baada ya mazishi wazee wakaniita pembeni.

"Mwanetu yuko wapi?"

"Kazini, wazee. Wamemnyima ruhusa."

"Kazi gani hiyo isiyojua mama?"

Ningesema nini, kwamba amebaki kumwagia mnyama maji? Nikainamisha kichwa, wakanisamehe kwa niaba yake, na msamaha ule uliniuma kuliko matusi.

Alinipokea uwanja wa ndege. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: nani alisema nini, jeneza lilikuwa la namna gani, jinsi mama alivyomtaja hadi siku ya mwisho. Hata mkoba hakunipokea kwanza. Alinitazama, akasema:

"Ndama amekufa. Alizaliwa amekufa."

Nilisubiri aulize kuhusu mama yake. Tulipanda basi, tukafika nyumbani, nikaoga, nikalala. Aliuliza baada ya siku kadhaa, tukiwa tunakula, na mimi nikamjibu, "Alizikwa." Sikuongeza neno hadi leo.

Yule mzee Mwingereza alipokufa, mwanawe aliuza ardhi kwa kampuni ya kuegesha magari ya wasafiri. Alikuja mwenyewe kutuambia, kwa upole, kofia mkononi. Ng'ombe wa pembe ndefu walipata mfugaji mashambani, mbali, aliyekuja na lori akawachukua kwa furaha. Yaki hakuna aliyewataka. Mume wangu alipiga simu kila mahali, mpaka Uskoti. Walikuwa wazee, na wale majike walikuwa wameacha kuzaa.

Akawapeleka machinjioni mwenyewe. Hakutaka wapelekwe na mgeni. Alirudi jioni na masanduku ya nyama, kwa sababu nyama ni ya mwenye mnyama, akayaweka jikoni, akapanda ngazi.

Tungeitupa? Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha wenzetu wa ushirika wa kanisa. Nikaipika na vitunguu na nyanya, nikasonga ugali. Wageni walikula, wakaramba vidole. Mama mmoja aliniuliza nimenunua wapi nyama tamu namna hii. Binti yangu, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, akasukuma sahani yake, akasema kwa Kiswahili, jambo ambalo alikuwa halifanyi mbele za watu: "Baba analia huko juu." Wageni wakasikia. Nikawaongezea mchuzi.

Waliweka lami shamba lote. Yule mwana wa mzee, nadhani kwa kutuonea haya, alimtajia mume wangu kwamba kampuni inatafuta madereva wa kupanga magari. Akaomba, akaajiriwa. Mshahara ulizidi wa ghalani. Kila siku anavaa koti la kung'aa, anapokea funguo za watu wanaokwenda kwao likizo, na kuyapanga magari yao kwa mistari pale zizi lilipokuwa.

Nilimuuliza mara moja tu anawezaje.

"Kazi ni kazi, mama," akanijibu, akaendelea kufunga viatu.

Habari za kurudi nyumbani hazitajwi tena kwetu. Mimi bado naosha wazee. Shemeji yangu hupiga simu sikukuu zikifika, tunaongea mimi na yeye, na akiuliza kama kaka yake yupo, namwambia yuko kazini.