Droni ya Ukoo wa Sumari Hairuki Saa Saba

Elinipa Sumari amewahi kupoteza droni moja tu, na mpaka leo iko katika korongo la Mlima Meru ambako hata mbuzi hawashuki. Ilikuwa droni yake ya kwanza. Aliirusha ikifuata upepo, ikaenda kwa raha kama baiskeli kwenye mteremko. Alipoigeuza irudi, ikabaki palepale angani ikihangaika mpaka betri ikaisha. Siku tatu alilala chumbani kwake Elerai, uso ukutani. Mama mwenye nyumba alipouliza nani amefariki, Elinipa alijibu, "Aliyekuwa ananilisha," na mama wa watu akaleta uji wa msiba.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa jiografia. Kuacha kwake ualimu ni jambo ambalo ukoo haukulimeza. Ukoo wa Sumari una walimu kumi na mmoja, manesi wawili na mchungaji. Hauna walevi, una watu wachache wanaochelewa kuondoka kilabuni. Sasa mtu aliyesomeshwa aache chaki, akaishi kwa kupiga picha za harusi kwa kitu kinacholia kama nyuki? Baba yake mdogo, Mzee Elihuruma, mkaguzi wa shule mstaafu, akiulizwa binti wa marehemu kaka yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko mambo ya anga," kisha akaanza kuzungumzia bei ya kahawa kabla hajaulizwa ni ndege za wapi.

Droni ya pili ilimchukua Elinipa miaka miwili kuipata. Ya tatu hana. Hii ikianguka, anarudi darasani, na Mzee Elihuruma atampongeza mbele ya ukoo mzima kama mtu aliyepona ugonjwa. Ndiyo maana ana masharti. Kabla ya kurusha husimika fimbo yenye kipande cha kanga. Kikining'inia, anarusha, kikinyooka kama mkono wa shati lililopigwa pasi, anafunga sanduku. Safari ya kwenda anaukabili upepo, ili wakati wa kurudi upepo uwe upande wake. Na betri ikifika nusu anageuza, hata kama bibi harusi ndiyo kwanza ameanza kulia.

Mambo yalibadilika Brayson, mtoto wa Mzee Elihuruma, alipopata mchumba Oldonyo Sambu, upande wa kaskazini wa mlima. Ghafla Mzee akaiona droni kuwa ni mali ya ukoo. Akawaahidi wakwe kwamba siku ya kumuaga binti yao, Naisula, koo zote mbili zitapigwa picha moja kutoka juu.

"Saa tatu asubuhi, Baba mdogo," Elinipa alimwambia. "Kule upepo unavuka mlima, halafu unaporomoka kama maji ya ndoo. Baada ya saa tano siahidi kitu."

"Saa tatu kamili. Nimekagua shule miaka thelathini, saa naijua."

Saa tatu kamili Elinipa alikuwa Oldonyo Sambu, fimbo imesimama, kanga inaning'inia, anga safi mpaka kileleni. Ukoo haukuwepo. Ukoo ulikuwa bado nyumbani, upande wa pili wa mlima, migombani, ukibishana nani akae gari la mbele. Ulifika saa nne na nusu.

Hata hapo ingewezekana, kwa haraka. Lakini Mzee alisema watu hawawezi kusimama bega kwa bega kwenye picha kabla hawajatambulishana; wataonekana kama abiria. Basi utambulisho ukaanza. Mshereheshaji alitangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya, jina kwa jina. Mzee Elihuruma alipopokea kipaza sauti, karatasi ya ratiba mkononi, aliutambulisha ukoo wake kwa umri, na kila mtu kwa kiwango chake cha elimu. Shemeji mmoja akarukwa, akanuna, orodha ikaanzwa tena kutoka juu. Halafu watoto wakapita kuwaamkia wazee, mmoja mmoja, pande zote mbili.

Kufika saa saba, turubai lilikuwa linapiga makofi zaidi kuliko wageni. Kanga ilikuwa imenyooka.

"Na sasa, wakwe zetu," Mzee akatangaza, "tazameni juu!"

Watu mia mbili wakatazama juu. Juu kulikuwa na vumbi.

Mzee akamfuata Elinipa nyuma ya turubai, mkono mmoja kichwani. "Rusha."

"Hairuki, Baba mdogo."

"Ina ubovu gani?"

"Haina. Ni upepo."

"Upepo gani? Hata kofia yangu haijatoka."

"Umeishika."

Mzee hakuiachia. "Elinipa, mwanangu, wakwe wanatutazama. Dakika mbili tu. Ikianguka, ukoo utachanga."

Elinipa anaijua michango ya ukoo: hufunguliwa kwa sala, na huishia kwenye amina.

"Sirushi."

Mzee alirudi mbele, akasafisha koo. "Ndugu zetu, kwa bahati mbaya kifaa kimepata hitilafu. Mnajua hivi vifaa vya siku hizi..."

Elinipa aliwatazama wageni. Kila aliyekaa pale alikuwa na harusi au kipaimara mbele yake, na wote ndio kwanza wameambiwa kwamba droni yake ni mbovu. Angeipoteza hii ya pili bila hata kuitoa kwenye sanduku. Alitembea hadi mbele, akachukua kipaza sauti.

"Shikamooni wazee. Baba mdogo, nisamehe. Droni ni nzima. Upepo ndio mbaya, na mimi ndiye niliyekataa kuirusha."

Katika ukoo wa Sumari hakuna aliyewahi kumpinga Mzee Elihuruma hadharani. Hupingwa jikoni, kwa sauti ya chini, kama inavyofaa kwa watu waliosoma.

Ndipo Namnyaki akainuka, shangazi wa bibi harusi, mwanamke mrefu aliyechunga mbuzi kwenye miteremko ile tangu akiwa na meno ya utoto. Alimwendea Mzee.

"Mkwe, nipe hiyo ratiba yako."

Akaichukua ile karatasi, akatoka nje ya turubai, akainua mkono na kuiachia. Karatasi haikuanguka. Ilipanda, ikavuka paa la nyumba, ikavuka zizi, ikashika njia ya Longido.

"Droni yenu ile inakwenda," Namnyaki akasema. "Nani anaifuata?"

Watu waliangua kicheko. Baba wa bibi harusi, Lesian, alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. "Keti, mkwe. Upepo wetu unachoka saa kumi na moja. Nyama ipo."

"Tulisema tutaondoka saa tisa," Mzee akajaribu.

"Mlisema pia mtafika saa tatu."

Mzee akaketi.

Saa kumi na moja na nusu kanga ilishuka yenyewe. Elinipa hakukimbilia. Aliipandisha droni mita thelathini tu, akaiacha isimame dakika nzima aone kama inasukumwa, kisha akaielekeza kwenye kale kaupepo kalikobaki. Akapiga picha nne, akaishusha mikononi mwake betri ikiwa zaidi ya nusu.

Ila ukoo uliopigwa picha haukuwa ule ulioshuka kwenye magari asubuhi. Tai zilikuwa mifukoni. Mchungaji alikuwa ameshika viatu mkononi. Na Mzee Elihuruma, shuka jekundu la Lesian juu ya suti, alikuwa anafundishwa kuruka na wazee wawili wa pale. Katika picha miguu yake yote miwili iko hewani na kinywa kiko wazi.

"Hiyo futa," alimwambia Elinipa alipoiona.

"Kwenye zile tatu umefumba macho, Baba mdogo."

Aliitazama tena, akauliza inaweza kuchapishwa kubwa kiasi gani.

Leo picha hiyo iko sebuleni kwake, kubwa kama dirisha. Mgeni akiisifu, Mzee humweleza kwamba upepo wa mlimani hauna mchezo, unahitaji mtu wa uzoefu. "Huyu binti alitaka kurusha saa saba," anasema. "Nikamkatalia."

Elinipa, sanduku la droni likiwa miguuni pake, hujimiminia chai. "Ni kweli, Baba mdogo," anasema, kisha anaaga mapema, kwa sababu kesho alfajiri ana kazi Terrat.