Macho Niliyoyasafisha

Jumanne asubuhi nilikuwa kwa mama muuza chai karibu na stendi ya Shinyanga, kitumbua mkononi, nikimweleza jirani yangu wa benchi kwamba safu hii inasomwa na madereva wa malori hadi Isaka. Ushahidi wangu ni dereva mmoja tu niliyemkuta amefungia maandazi kwenye ukurasa wangu. Simu ikaita. Alikuwa binti wa mpiga picha mmoja mzee wa hapa mjini. "Shikamoo baba," akasema. "Mzee hatunaye. Amefariki alfajiri, ni presha." Nilimpa pole, nikamwombea marehemu pumziko jema, na baada ya hapo nikakirudisha kitumbua kwenye sahani. Usinidhanie mwema mno, msomaji. Huzuni ilikuwepo, tena kubwa, lakini iliyotangulia kufika ilikuwa aibu. Mzee huyo nilimwahidi sahihisho katika safu hii, na kwa wiki saba nikawa nalipiga chenga.

Simtaji jina, maana hapa hatutaji majina, lakini wengi wenu mna kazi yake mfukoni. Ndiye aliyewapiga picha za pasipoti mbele ya kile kitambaa cha bluu, akiwaambia, "Funga mdomo, hutafuti mchumba hapa." Kabla ya kutulia mjini alizunguka na kamera kwenye machimbo ya Geita, na kule Rwamgasa alijulikana kwa koti. Lilikuwa koti moja jeusi, pamoja na redio kubwa isiyo na betri. Mchimbaji aliyeshinda miezi ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, bila kuona hata chembe ya dhahabu alikuja akaoga, akavaa koti, akakumbatia redio, akapigwa picha ya kumtumia mama yake kijijini. Kama alikuwa mwembamba, koti lilibanwa kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo. Mzee alinisimulia hayo akicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Sasa ngoja nieleze ujinga wangu. Mwaka huu niliandika hapa juu ya mauaji ya vikongwe, ile miaka ambayo huku kwetu Usukumani bibi mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, akafuatwa nyumbani kwake na panga. Niliandika kwamba wekundu ule uliletwa na moshi, kwa kuwa kuni zilikwisha porini na akina mama wakapika maisha yao yote kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Makala ilikuwa nzuri, nasema mwenyewe. Lakini nikaona haitoshi, nikataka na picha. Nikaingia kwenye simu, kwenye hizo programu za akili mnemba zinazochora chochote unachoziambia, na ndani ya saa tatu nikawa msanii bila kuosha hata brashi moja. Mashine ikanipa bibi ameketi mlangoni pa kibanda, mshumaa mbele yake, ukungu umetanda, na chozi moja linateremka shavuni. Mhariri akapitisha. Wasomaji wakaniandikia kwamba wamelia. Nikavimba kichwa, nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu na kumpelekea mzee ili fundi wa picha anithibitishie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwandishi. Umeniletea kazi au maneno?"

Nikaiweka mezani. Aliitazama muda mrefu, mimi nikiwa nimeshaanza kupanga namna ya kupokea pongezi kwa unyenyekevu.

"Mlima huu wenye theluji uko upande gani wa Shinyanga?"

"Huo ni wa kisanaa, mzee."

"Na hizi shanga za Kimasai? Alizipata mnadani?" Akasogeza kidole. "Mshumaa uko mbele, na kivuli nacho kiko mbele. Halafu analia, hana kamasi. Nimepiga picha za misiba maisha yangu yote, kijana wangu. Mtu akilia kweli, kamasi hutoka."

Nilicheka, maana kwa umri wangu na magoti yangu kuitwa kijana ni zawadi. Yeye hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye macho ya yule bibi.

"Umeandika aliuawa kwa macho mekundu. Haya ni meupe kama ya mtoto mchanga. Mwenye macho haya wangemuulia nini?"

"Ni mashine, mzee. Mashine ndiyo imekosea." Kisha, kama afanyavyo mtu aliyebanwa, nikamrudishia: "Mbona hata wewe Rwamgasa uliwavisha watu koti?"

"Koti aliliomba mwenyewe, ili amdanganye mama yake mwenyewe," akasema. "Huyu mayu aliomba nini kwako?" Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alivyolitamka nikavuta kiti nikaketi.

Ndipo akanieleza jambo ambalo sijalisoma popote. Picha za rangi zilipoingia, mjini watu walizigombania, lakini akina mama wazee waliotoka vijijini walikuwa wakimsogelea na kuuliza kwa sauti ndogo kama ile nyeusi na nyeupe bado ipo. Hawakusema sababu, naye hakuuliza. Kwenye picha nyeusi na nyeupe macho mekundu hayaonekani. Aliendelea kutunza filamu zile kwa ajili yao hata wapiga picha wenzake walipomcheka. Akavuta droo, akatoa picha ndogo ya mama aliyesimama wima kando ya ghala la mahindi, kanga imekazwa kifuani. Alikuwa mama yake. Alimpiga mwenyewe, kwa filamu aliyoichagua mama. Mwaka uliofuata, yeye akiwa Rwamgasa na koti lake, watu wakaja na panga. "Waliomzika walikula ugali uliosongwa kwenye sufuria yake," akaniambia, "na mmoja wao ndiye aliyemtaja kwa mganga."

Akanipa picha ile. "Itoe gazetini, na chini uandike kwamba macho yake yalikuwa mekundu. Alipokuwa hai ilibidi tuyafiche. Sasa nani atamuua tena? Nataka nilisome hilo ningali hai."

Nikamwahidi wiki inayofuata. Wiki hiyo ilipofika nikaandika juu ya mashimo ya barabarani. Iliyofuata nikaandika juu ya pamba, na nyingine juu ya bodaboda wanaopita kwenye njia za waenda kwa miguu, mada ambayo nadhani mmeshaichoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, basi ngoja nivue. Mashine haikukosea. Niliiambia macho mekundu ikanipa macho mekundu, na yule bibi alipotokea kwenye kioo cha simu akinitazama, mimi niliyekemea ushirikina humu kwa miaka, nililaza simu kifudifudi kwenye kochi, nikaenda kuangalia kama mlango umefungwa. Ilikuwa saa nane mchana. Niliporudi nikaandika: yafanye macho meupe, yenye huruma. Kusahihisha kulimaanisha kuyasema haya, na niliona heri lawama aibebe mashine, kwa kuwa haisomi magazeti.

Alhamisi tulimzika. Binti yake, bila kunilaumu, aliniambia kwamba kila gazeti letu lilipotoka mzee alilinunua, akafungua ukurasa huu, akasoma mpaka chini, akalikunja. Mara saba. Nililia pale msibani mbele za watu, na kuhusu kamasi mzee alikuwa sahihi.

Leo picha aliyonipa iko juu ya safu hii. Maneno ya chini ya picha ni haya, yamechelewa kwa mwanawe aliyeyaomba: macho ya mama huyu yalikuwa mekundu, kwa sababu alipika. Tusijidanganye kwamba akili mnemba ndiyo inayoipamba historia. Yenyewe inatii, na sisi ndio tunaotaka waliouawa wawe wasafi na wapole ili tuweze kuwalilia bila kuogopa. Nilichojifunza nakisema kwa kifua kizito. Niliowaandika kama wauaji walianza kwa kushindwa kumtazama bibi machoni. Mimi nami, kwenye kochi langu, nilishindwa palepale.